Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kwa Nini Baadhi ya Yabisi Hugeuka Gesi bila Kuyeyuka

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wanafunzi, wazazi na wafanyabiashara wa Mombasa huuliza kuhusu vitu vigumu vinavyotoweka bila kuacha hata tone la maji: nafthalini iliyowekwa ndani ya sanduku la nguo, kafuri, barafu kavu (kabonidayoksaidi iliyogandishwa), na fuwele za iodini katika maabara ya shule. Majibu yake yanashikamana katika jambo moja, nalo ni kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kilichonyimwa hali ya kimiminika na maumbile yake. Kinachoamua ni halijoto yake pamoja na kanieneo, yaani msukumo wa hewa au gesi iliyokizunguka.

Ni nini hasa hutokea yabisi inapogeuka gesi moja kwa moja?

Molekuli za yabisi zimepangika kwa utaratibu, kila moja ikiwa imeshikwa na jirani zake, lakini hazikutulia. Zinatikisika daima, na zile zilizo kwenye uso wa kitu hushikwa kwa upande wa ndani tu. Wakati wote huwapo chache zinazopata nishati kubwa kuliko nyingine, zikajinasua na kutoka zikiwa gesi. Harufu ya kafuri inayotufikia kabla hatujafungua kabati ni molekuli za kafuri yenyewe ambazo zimekwisha kuiacha yabisi na kusambaa hewani.

Chombo kikifungwa, baadhi ya molekuli zilizotoka hurudi na kujishikiza tena, hadi zinazotoka na zinazorudi zinalingana. Kanieneo la gesi wakati huo huitwa kanieneo la mvuke wa kitu hicho, na hupanda kwa kasi kila joto linapoongezeka. Chombo kikiachwa wazi, upepo huzichukua molekuli zilizotoka, zinazorudi huwa chache, na yabisi huendelea kupungua mpaka ikaisha. Huo ndio usablimishaji.

Kwa nini barafu ya maji huyeyuka na barafu kavu haiyeyuki?

Kila moja ya vitu hivi ina nukta ya pekee ambapo yabisi, kimiminika na gesi yake vinaweza kukaa pamoja bila kimoja kukimeza kingine. Wanasayansi huiita nukta ya utatu. Kanieneo likiwa chini ya lile la nukta hiyo, kimiminika hakiwezi kudumu, na yabisi inayopata joto haina njia ila kuwa gesi. Nukta ya utatu ya maji iko kwenye nyuzi 0.01 za Selsiasi na kanieneo la paskali 611 hivi. Kanieneo la hewa kwenye usawa wa bahari, ambako Mombasa ipo, ni takriban paskali 101,325, zaidi ya mara 160 ya hilo. Ndiyo maana barafu iliyoachwa mezani hapa kwetu huwa maji.

Kwa kabonidayoksaidi, ambayo ikigandishwa ndiyo barafu kavu, mambo yamegeuka. Nukta yake ya utatu iko kwenye nyuzi 56.6 chini ya sifuri, na kanieneo lake ni zaidi ya mara tano ya lile la hewa ya usawa wa bahari. Hakuna mji duniani ambao hewa yake inafikia kiwango hicho. Kwa hiyo barafu kavu ikiwekwa wazi hugeuka gesi kwenye nyuzi 78.5 chini ya sifuri, na kimiminika hakipati nafasi ya kutokea.

Hata hivyo, kabonidayoksaidi ya kimiminika ipo, na huenda iko karibu na msomaji anaposoma maneno haya. Mitungi ya kuzimia moto ya kabonidayoksaidi, inayotundikwa katika korido za ofisi na hoteli, imejazwa kimiminika hicho kikiwa kimeshindiliwa kwa kanieneo la takriban mara 57 ya lile la hewa katika nyuzi 20. Katika msimu wa kaskazi, joto la chumba linapopita nyuzi 31, kimiminika na gesi ndani ya mtungi hupoteza mpaka wao, kwa sababu juu ya halijoto hiyo kabonidayoksaidi haiwezi tena kuwa kimiminika hata ikishindiliwa vipi. Mtungi ukifunguliwa, kanieneo hushuka ghafla, sehemu ya kimiminika hugeuka gesi na kunyonya joto jingi, na iliyobaki huganda ikatoka kama unga mweupe wa barafu kavu. Kwa njia ya namna hiyo Mfaransa Thilorier aliiona barafu kavu, akaieleza kwa maandishi mwaka 1835.

Kwa nini ni kafuri, nafthalini na iodini, wala si chumvi?

Jibu la kwanza ni nguvu ya kushikana. Chumvi ya mezani imejengwa na ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zinazovutana kwa nguvu kubwa, na huyeyuka kwenye nyuzi 801. Katika joto la kawaida ayoni zinazojinasua ni chache mno kiasi kwamba hakuna anayeona chumvi ikipungua. Nafthalini, kafuri, iodini na kabonidayoksaidi zimejengwa na molekuli kamili ambazo ndani yake atomi zimeungana kwa nguvu, lakini molekuli moja na nyingine huvutana kwa udhaifu. Kuinasua molekuli nzima kutoka kwa wenzake hakuhitaji kuvunja kitu chochote ndani yake.

Jibu la pili husahauliwa mara nyingi, nalo ni umbo. Molekuli ya kafuri inakaribia kuwa ya mviringo, na hata ikiwa ndani ya yabisi inaweza kujizungusha mahali ilipo. Kwa kuwa tayari ina uhuru huo, haifaidiki sana kwa kuyeyuka, na kwa hiyo yabisi hudumu hadi halijoto ya juu, karibu nyuzi 175 hadi 180. Wakati huo kanieneo la mvuke wake limekwisha kufika karibu nusu ya lile la hewa. Kutoka kuyeyuka hadi kuchemka, kwenye nyuzi 205 au zaidi kidogo, kuna nafasi ya nyuzi takriban 30 tu. Kimiminika cha kafuri kipo, ila kimebanwa katika nafasi nyembamba, na mtu anayeipasha kafuri moto polepole huiona ikitoweka kabla hajafika hapo.

Vitabu vyetu vinasema iodini haiyeyuki. Je, ni kweli?

Si kweli, na ingefaa kauli hiyo iache kufundishwa. Iodini huyeyuka kwenye nyuzi 113.7 na huchemka kwenye nyuzi 184. Kanieneo la nukta yake ya utatu ni paskali takriban 12,000, karibu sehemu moja kwa nane ya kanieneo la hewa, na kwa hiyo katika maabara yoyote ya Mombasa iodini inaweza kuwa kimiminika. Ikipashwa joto taratibu, mvuke wake wa zambarau hutoka kwa wingi kabla ya kufika nyuzi 113, na fuwele chache zilizowekwa huisha mapema. Ikipashwa kwa haraka, huyeyuka, lakini mvuke mzito hukificha kimiminika machoni pa mwanafunzi. Mwalimu anayesema "iodini hugeuka gesi kwa urahisi hata kabla ya kuyeyuka" amesema kweli. Anayesema kwamba haina hali ya kimiminika amemwondolea mwanafunzi sababu ya kuuliza kuhusu kanieneo, na hapo ndipo somo lote lilipo.

Mvuke huo huo ndio ulioifichua iodini. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akishughulikia majivu ya mwani, na alipoyatia asidi ya salfa kwa wingi kuliko kawaida aliona mvuke wa zambarau ukipanda, kisha ukaganda kuwa fuwele nyeusi zenye kung'aa penye ubaridi. Mwani tunaujua hapa Pwani. Akina mama wa Kibuyuni, kusini mwa Kwale, huulima baharini, ingawa wao huulima kwa soko la viwanda vya vyakula na vipodozi.

Nafthalini huyeyuka kwenye nyuzi 80. Kabati halifikii joto hilo, basi inakwendaje?

Haisubiri kuyeyuka. Katika nyuzi 25, kanieneo la mvuke wa nafthalini ni paskali 11 hivi, takriban sehemu moja kwa elfu tisa ya kanieneo la hewa. Ni kidogo sana ukilinganisha na barafu kavu, ambayo kanieneo la mvuke wake hulingana na la hewa nzima, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kipande kinachomalizika kwa saa kadhaa na kidonge kinachodumu miezi. Molekuli hutoka kidogo kidogo, usiku na mchana, na kila zikipeperushwa nyingine hutoka.

Joto la mahali huleta tofauti kubwa. Kanieneo la mvuke wa nafthalini huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi saba zinazoongezeka. Kidonge cha Mji wa Kale wa Mombasa kitaisha upesi kuliko mwenzake wa Limuru, bara penye baridi, na sanduku linalofunguliwa mara kwa mara litaimaliza nafthalini upesi kuliko lililofungwa barabara. Mvuke huo ndio unaoua nondo na viluwiluwi vyake, na ndiyo sababu dawa hii hufaa zaidi ndani ya chombo kilichofungwa kuliko pembeni mwa chumba chenye madirisha wazi.

Je, ni salama kuiweka nafthalini pamoja na nguo za mtoto mchanga?

Hapana. Swali hili linastahili jibu refu kwa sababu madhara yake hutokana moja kwa moja na tabia tunayoieleza: nafthalini ikiisha kabatini haikuangamia, bali imekuwa gesi, na sehemu ya gesi hiyo imejishikiza ndani ya nyuzi za kitambaa. Nguo ikivalishwa mtoto, huivuta kwa pumzi, na ngozi yake laini pia huifyonza.

Mwilini nafthalini hugeuzwa kuwa kemikali zinazoharibu chembe nyekundu za damu. Hatari ni kubwa zaidi kwa watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe hizo. Upungufu huu hurithiwa, na huonekana zaidi katika sehemu ambazo malaria imekuwapo kwa vizazi vingi, Pwani yetu ikiwa miongoni mwazo. Familia nyingi hazijui kama zinao. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivishwa nguo au kufunikwa blanketi lililokaa na nafthalini anaweza kupungukiwa damu ghafla na kupata manjano kali, ambayo ikizidi huathiri ubongo. Macho au ngozi ya mtoto ikigeuka manjano, mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, au akalegea, apelekwe hospitali mara moja, na daktari aelezwe kwamba nguo zilihifadhiwa kwa nafthalini.

Nguo zilizokaa na nafthalini zifuliwe na kuanikwa juani penye upepo hadi harufu iishe. Kwa nguo za mtoto mchanga ushauri wa ukurasa huu ni kutoitumia kabisa. Vidonge vyenyewe pia viwekwe mbali na watoto, kwani vinafanana na peremende.

Kafuri na nafthalini ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili, ingawa vyote ni vyeupe, vina harufu kali na hupungua kwa njia moja. Kafuri ya asili hutokana na mti wa kafuri wa Asia ya Mashariki, na siku hizi nyingi hutengenezwa viwandani. Nafthalini hutokana na lami ya makaa ya mawe au mafuta ya petroli. Hapa Mombasa kafuri ina heshima yake. Waislamu huitia katika maji ya mwisho ya kumwosha maiti, na Wahindu huiwasha katika ibada, ambako mvuke wake huwaka wote bila kuacha majivu.

Aliye na kidonge asichokijua anaweza kukitia katika gilasi ya maji matamu, yaani yasiyo na chumvi. Kafuri huelea na nafthalini huzama. Kikizama, kihamishiwe katika maji yaliyokolezwa chumvi hadi chumvi nyingine haiyeyuki tena: nafthalini itaelea humo, na kidonge cha aina ya tatu, kilichotengenezwa kwa daiklorobenzini, kitazama. Jaribio hili ni la manufaa mtoto anapokuwa amemeza kidonge na daktari anahitaji kujua ni kipi, lakini lisimcheleweshe mtu kwenda hospitali. Kafuri nayo ikimezwa ni sumu, na inaweza kumtia mtoto kifafa cha ghafla.

Ule ukungu mweupe wa barafu kavu ndiyo gesi yenyewe?

Gesi ya kabonidayoksaidi haionekani. Ukungu ni matone madogo ya maji, yaani mvuke wa hewa yetu yenye unyevu mwingi uliogeuka matone kwa baridi ya barafu kavu. Kwa sababu hiyo kipande kile kile hutoa ukungu mzito zaidi Mombasa kuliko mahali pakavu. Ukungu hutambaa sakafuni kwa kuwa hewa iliyopoa ni nzito, na gesi iliyochanganyika nayo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa.

Hatari yake si ya kupuuzwa. Kilo moja ya barafu kavu hutoa zaidi ya lita 500 za gesi. Katika gari dogo lenye nafasi ya lita 3,000 hivi, lililofungwa vioo ili kiyoyozi kifanye kazi, kiasi hicho kikitoka chote kinazidi asilimia 15 ya hewa ya ndani, na kabonidayoksaidi ikifika asilimia 10 mtu anaweza kuzimia. Anayesafirisha samaki au sampuli za maabara kwa barafu kavu afungue vioo. Isifungiwe ndani ya chupa au chombo kisichopumua, kwa sababu gesi itakipasua, na isishikwe kwa mkono mtupu, kwa sababu huiunguza ngozi kama moto.

Je, barafu ya maji nayo inaweza kugeuka gesi moja kwa moja?

Ndiyo, penye baridi na ukavu. Ndani ya friza, vipande vya barafu vilivyosahauliwa hupungua ukubwa, na samaki asiyefungwa vizuri hupata mabaka meupe makavu kwa sababu barafu iliyokuwa katika nyama yake imetoka ikiwa mvuke. Samaki huyo hana sumu, ila ladha imepotea; dawa yake ni kumfunga kwa mfuko uliobana, hewa ikiwa imetolewa. Mvuke uliotoka hujishikiza kwenye kuta za friza bila kuwa maji kwanza, na hiyo ndiyo theluji tunayoikwangua.

Nje ya friza, Mombasa, jambo hili halitokei. Kanieneo la mvuke wa maji uliomo katika hewa yetu huzidi mara tatu na zaidi lile la barafu, na kwa hiyo mvuke huiendea barafu badala ya kuikimbia.

Kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, hewa ni baridi na mara nyingi ni kavu sana, na huko sehemu kubwa ya barafu hupotea kwa kugeuka mvuke chini ya jua. Njia hii hugharimu nishati nyingi: kuyeyusha kilo moja ya barafu huhitaji kilojuli 334, na kuigeuza mvuke moja kwa moja huhitaji takriban 2,830, zaidi ya mara nane. Kwa hiyo usablimishaji huimaliza barafu polepole kuliko kuyeyuka kungefanya kwa jua lile lile. Hata hivyo, theluji mpya isipoanguka ya kutosha, hasara haifidiwi. Barafu ya mlima huo ilifunika takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2.

Na udi na ubani, navyo hugeuka gesi moja kwa moja?

Hapana. Juu ya makaa, utomvu na mti huo huungua na kuvunjikavunjika, mafuta yake huvukizwa, na moshi unaoonekana ni chembe ndogo za yabisi na matone. Majivu au masizi yanayobaki chetezoni ni dalili kwamba kitu kimebadilika kikemia.

Kloridi ya amonia ya maabara iko kundi gani?

Iko pembeni kidogo. Ikipashwa moto katika neli ya majaribio hutoweka chini na kuonekana tena juu penye ubaridi, na kwa hiyo hutumika kufundishia namna ya kuitenga na chumvi. Lakini haikuwa gesi ikiwa nzima: iligawanyika kuwa amonia na hidrojeni kloridi, ambazo ziliungana tena zilipopoa. Karatasi nyekundu ya litimasi, inayotambulisha asidi na besi, ikiwa na unyevu na kushikwa mdomoni mwa neli hugeuka bluu kwanza, kwa kuwa amonia ni nyepesi na hufika mapema. Iodini iliyochanganywa na chumvi ni mfano safi zaidi.

Elimu hii ina kazi gani hospitalini?

Chanjo za kifua kikuu, surua na homa ya manjano hufika kliniki zikiwa unga mkavu ndani ya vichupa, na muuguzi huzichanganya na maji yake maalumu kabla ya kudunga. Kuzikausha kwa moto kungeziua. Kiwandani hugandishwa, kisha hewa huondolewa kwa pampu hadi kanieneo lishuke chini ya lile la nukta ya utatu ya maji, na joto dogo huongezwa. Barafu hutoka ikiwa mvuke, na chembe za chanjo hubaki mahali pake bila kuguswa na maji. Unga huo huvumilia safari kuliko chanjo ya maji, ingawa bado huhitaji baridi, na ukishachanganywa hutumika ndani ya saa chache tu.

Naweza kuliona jambo hili nyumbani?

Unaweza, kwa kafuri. Weka vipande vidogo ndani ya mtungi wa kioo mkavu, ufunike, uusimamishe katika bakuli la maji ya moto ya kawaida, na juu ya kifuniko uweke vipande vya barafu. Badilisha maji yakipoa. Fuwele nyembamba zitaanza kujitokeza upande wa ndani wa kifuniko, bila tone lolote kuonekana njiani. Usitumie jiko wala mshumaa, kwa kuwa mvuke wa kafuri hushika moto upesi, na mtoto asiachwe peke yake na mtungi huo.